Kuku Wangu Anateseka Akitaga

SWALI

Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Nyakahura, Biharamulo. Nafuga kuku 12 hapa uani, wengi ni wa kienyeji, na mitetea watatu ni chotara niliowanunua wakiwa vifaranga. Mmoja wa hao chotara anataga mayai makubwa mno, hayakai kwenye trei, na nikiyapasua mara nyingi nakuta viini viwili. Mwanzoni nilifurahi. Siku hizi anakaa kwenye kiota tangu asubuhi hadi adhuhuri, anakakamaa, mkia unapanda na kushuka, na yai linatoka na michirizi ya damu. Juzi kitu chekundu kilichungulia nyuma, kikarudi. Jirani mmoja ananiambia nimkamue tumbo yai litoke. Mwingine anasema kosa ni la jogoo wangu, ana umbo kubwa. Mume wangu anataka tumchinje. Nawalisha mahindi, pumba na dagaa bila kupima, na bandani nawasha taa ya sola usiku kucha kwa kuogopa kicheche. Dukani waliniuzia pia dawa ya kuongeza mayai. Nifanyeje?

Mama wa Nyakahura

JIBU

La kwanza, usimkamue. Yai lililokwama likibanwa kwa nguvu hupasukia ndani. Ganda linachana njia ya mayai, kiini na ute vinamwagika tumboni na kuoza, na kuku anaweza kufa ndani ya siku chache. Jirani yako ana nia njema, ila mwambie waziwazi kwamba tiba hiyo inaua.

Jogoo naye hana kosa. Ukubwa wa yai unatoka kwa mtetea mwenyewe, na mtetea hutaga hata kama hajawahi kuonana na jogoo. Jogoo huchangia damu ya vifaranga, na hilo nitalifikia mwishoni.

Kinachomsumbua kuku wako kinaanza kwenye kiini. Kwa kawaida kiini kimoja huiva, kikadondoka kwenye njia ya mayai, kikafunikwa ute kwa muda wa saa tatu hivi, kikavishwa utando, halafu kikakaa karibu saa 20 kikijengewa ganda. Safari nzima ni kama saa 25. Viini viwili vikidondoka kwa kufuatana vinafunikwa pamoja na kuvishwa ganda moja. Mitemba wanaoanza kutaga hufanya hivyo kwa muda, kisha mwili unazoea. Kwa mtetea aliyekwisha kuzoea kutaga, jambo hilo likiendelea, tazama mambo matatu: mbegu yake, chakula chake na mwanga anaoupata. Kwa barua yako, yote matatu yapo.

Chotara kama Kuroiler, aliyetokea India, na Sasso, wa Ufaransa, wamezalishwa ili wakue haraka na watage zaidi ya kuku wetu. Yai la kienyeji lina gramu 40 na ushei. La chotara huwa zito zaidi, na likiwa na viini viwili linazidi hapo sana. Nawe ukilipeleka kwa mchuuzi anayetembeza mayai ya kuchemsha kwenye mabasi ya kwenda Rusumo, atakulipa bei ya yai moja tu. Kuku ametumia nguvu ya mayai mawili na kuumia juu yake, wewe hukupata hata shilingi ya ziada.

Akikwama tena, fanya hivi. Mkamate taratibu bila kumkimbiza. Chukua beseni la maji ya uvuguvugu ambayo kiwiko chako kinayavumilia bila kuungua, kama unavyopima maji ya kumwogeshea mtoto mchanga. Mkalishe humo, maji yafike tumboni, mbawa umezishika asipigepige, kwa dakika 20. Wengi hutulia na kusinzia, na misuli inalegea. Mtoe, mkaushe vizuri kwa kitambaa, kwa sababu asubuhi za kwenu zina baridi na kuku aliyelowa hupoteza nguvu upesi. Nawa mikono kwa sabuni, paka kidole mafuta ya kula au Vaseline, kisha paka pembezoni mwa tundu na ndani kidogo tu, bila kulivuta yai. Mweke kwenye boksi lenye nyasi kavu, mahali penye giza na joto, mbali na watoto, na umwekee maji ya kunywa. Subiri saa moja au mbili. Yai lisipotoka, rudia maji ya uvuguvugu. Siku ikipita bila yai, au ukimwona amefumba macho, ameangusha kichwa na hataki kunywa, usijaribu zaidi. Mwite bwana mifugo wa kata. Yeye ana dawa ya sindano, na anajua namna ya kulitoa yai bila kuacha vipande ndani.

Kile chekundu ulichokiona ni nyama ya njia ya mayai. Ikirudi yenyewe, una bahati. Siku itakapobaki nje, mtenge kuku huyo papo hapo, maana wenzake wakiona nyekundu wataidonoa, na wanaweza kuvuta hadi utumbo. Ioshe kwa maji safi yenye chumvi kidogo, paka asali au sukari iliyolowanishwa ili uvimbe upungue, kisha irudishe ndani polepole kwa kidole safi chenye mafuta. Abaki peke yake, gizani, mpaka kidonda kipone.

Hayo ni ya dharura. Dawa yenyewe ni kuondoa kinachomsukuma atage hivyo, na tuanze na taa. Kwenu jua huchomoza karibu saa moja asubuhi na kuzama karibu saa moja jioni, mwaka mzima. Saa 12 hizo zinamtosha. Taa inayowaka usiku kucha inauamrisha mwili wa kuku uendelee kuivisha viini bila kupumzika. Izime leo. Kicheche hazuiwi na mwanga, anazuiwa na mlango usio na upenyo na waya wenye matundu madogo uliofukiwa chini ya ardhi kuzunguka banda.

Pili, acha hiyo dawa ya kuongeza mayai. Nyingi zinazouzwa kwa jina hilo zina viuavijasumu vilivyochanganywa na vitamini. Haziwezi kulipunguza yai, na mayai yanayotagwa kuku akiwa kwenye dawa hayafai kuliwa mpaka zipite siku zilizoandikwa kwenye pakiti. Soma pakiti hiyo kabla hujampa mtoto yai lingine.

Tatu, pima chakula. Mahindi na pumba bila kipimo vinamjaza mafuta tumboni, na mafuta hayo yanabana njia ambayo yai linapaswa kupita. Dagaa nao wakizidi wanakuza yai. Usiwaondoe, wapunguze. Kuku wa umbo la chotara anatosheka na gramu 110 hadi 120 za chakula chote kwa siku. Nenda na kikopo chako dukani kipimwe kwenye mizani mara moja, uweke alama, uwe unatumia hicho. Akishazoea, mwachie atembee achakure majani na wadudu. Siku za mvua kumbikumbi wakitoka kwa wingi, mpunguzie dagaa, kwa kuwa atakuwa ameshiba protini.

La nne wafugaji wengi hulisahau: chokaa, chanzo cha kalsiamu. Ganda la yai moja lina karibu gramu 2 za kalsiamu, na mahindi karibu hayana chochote cha kumpa. Asipoipata kwenye chakula, anaichota kwenye mifupa yake. Misuli inayolisukuma yai nayo inafanya kazi kwa kalsiamu, kwa hiyo kuku aliyeishiwa anakwama hata na yai la kawaida. Nunua maganda ya konokono wa ziwani yaliyosagwa kwenye duka la chakula cha mifugo. Ukikosa, kausha maganda ya mayai yako, yakaange kwenye kikaango kikavu, yatwange yawe chenga ili kuku asiyatambue akajifunza kula mayai. Weka kwenye kikopo cha peke yake, na jioni hakikisha kimejaa, kwa sababu ganda la yai la kesho linajengwa usiku huu.

Kisha mpumzishe. Kuku wako wa kienyeji akishataga mayai yake analalia, anakaa siku 21, analea vifaranga, na muda wote huo njia ya mayai inapona. Chotara hulalia kwa nadra, hivyo hana likizo mpaka umpe wewe. Kwa wiki 2 au 3 mweke kwenye sehemu yenye mwanga hafifu, mchana wake uwe mfupi, mpe majani mabichi na pumba kidogo, chokaa na maji visikosekane kamwe. Ataacha kutaga kwa muda. Akirudi, utaona kama mayai yamepungua ukubwa.

Wakati huo fikiria pia chanjo. Mdondo, ambao wengi huuita kideri, huharibu mayai ya kuku aliyenusurika, yakatoka laini au yamepinda, na mayai ya namna hiyo hukwama. Chanjo ya I-2 inayotengenezwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA) ni tone moja jichoni kila baada ya miezi 3. Shirikianeni majirani kununua chupa moja, kwa kuwa ikifunguliwa inapaswa kuisha upesi.

Sasa neno kwa mume wako. Mpeni huyu kuku miezi miwili ya utaratibu huu. Nyama ikitoka nje tena na tena, au akiendelea kutaga kwa damu, mchinjeni. Kumwacha ataabike kila siku kwa ajili ya yai si ufugaji. Ila kama amepewa dawa, ngojeni muda wake uishe kwanza. Akipona, mayai yake kuleni nyumbani, hayana ubaya, lakini msiyalalishe kwa kuku mwingine. Yenye viini viwili ni nadra kuangua, na ukubwa wa yai ni jambo la kurithi. Kwa sababu hiyo hiyo msimbakize bandani jogoo aliyeanguliwa kutokana na yai lake, maana binti zake watabeba tabia hiyo. Mbegu ichagueni kwa mtetea anayetaga mayai ya wastani, anayelalia vizuri, na anayeinuka kiotani bila shida.