Tuongee na nani kabla mafuta hayajaja?

SWALI: Sisi wavuvi wa kamba tunasikia habari za utafutaji wa mafuta na gesi baharini. Tukihofia mikoko yetu, tumwambie nani?
Mvuvi, Maparoni, delta ya Rufiji

JIBU: Semeni kabla kisima hakijachimbwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inadai tathmini ya athari kwa mazingira, na wananchi wana haki ya kutoa maoni. Yaandikeni, ambatanisheni muhtasari wa mkutano wa kijiji, myapeleke kwa NEMC, baraza la taifa la mazingira. Malalamiko ya kijiweni hayana faili. Tajeni mnachokijua kuliko mtaalamu yeyote: kamba wadogo hukulia wapi, katika mkondo upi, na msimu gani. Elezeni pia hofu yenu: mikoko hupumua kwa mizizi inayochomoza topeni. Mafuta mazito yakiifunika mizizi hiyo, mikoko hukosa hewa. Delta yenu, kumbusheni, ni sehemu ya eneo la Ramsar, yaani ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa, tangu 2004.