Nuru ya Taa na Nafsi ya Mfanya Kazi

Wako wasimamizi wanaodhani kuwa mtu ni kama cherehani: ikitiwa mafuta na kukanyagwa hushona, na ikizidi kukanyagwa huzidi kushona. Dhana hii si ya kwetu peke yetu. Wenye viwanda vikubwa vya Marekani waliisadiki mno mwanzoni mwa karne ya 20. Twapenda leo kueleza kisa cha kiwanda cha Hawthorne, kwani wengi wakitajao wamekishika nusu tu.

Kiwanda hicho, mali ya Western Electric, kilikuwa karibu na Chicago na kilitengeneza vyombo vya simu. Baina ya 1924 na 1927 palifanywa majaribio ya kujua kama nuru ya taa huzidisha kazi. Nuru ilipoongezwa kazi ilizidi. Na mara nyingine ilipopunguzwa, kazi haikupungua. Wataalamu wakastaajabu. (Hesabu hizo zilipimwa upya na Steven Levitt na John List, wakaandika mwaka 2011 kuwa ajabu yenyewe ni dhaifu kuliko inavyosimuliwa.)

Mwaka 1927 wasichana watano waunganishao vyombo vidogo vya umeme, pamoja na wa sita mwenye kuwagawia vipande, walitengwa katika chumba chao. Walipewa vipindi vya kupumzika, wakapewa chakula cha asubuhi, wakapunguziwa saa. Kazi ikapanda. Kisha wakanyang'anywa hayo yote kwa muda, na kazi ya juma haikushuka ilipokuwa mwanzo. Elton Mayo, mwalimu wa Harvard aliyezaliwa Australia, akaona kuwa siri ni katika nafsi: wasichana wale waliulizwa rai zao, walisikilizwa, na wakawa kikundi kimoja chenye mapenzi. Basi kampuni ikawahoji wafanya kazi zaidi ya 20,000, ili kila mtu aseme lililo moyoni mwake.

Ndugu msomaji, hapa ndipo wengi wafungapo kitabu. Mwajiri husikia habari hii akafurahi, akadhani kuwa tabasamu na maneno mazuri yatasimama mahali pa mshahara. Sisi hatukubaliani naye. Wasichana wale, kabla ya kutengwa, ujira wao ulihesabiwa pamoja na watu kama mia. Chumbani ukahesabiwa kwa wao sita tu, basi kila mmoja akaona faida ya juhudi yake. Kikundi cha pili kilibadilishiwa malipo tu, bila ya mapumziko, na kazi yake nayo ilizidi. Kiliporudishwa katika malipo ya zamani ikapungua. Tena, wawili katika wale watano waliondolewa mwanzoni mwa 1928 kwa sababu ya mazungumzo mengi na kazi haba, wakaletwa wengine hodari. Huo si upole mtupu!

Lakini sehemu ituvutiayo zaidi ni ya mwisho. Tangu Novemba 1931 wanaume 14 wafungao nyaya waliangaliwa katika chumba chao. Malipo yao yalikuwa ya kikundi, na aliyezidisha alizidishia wote. Kwa hesabu ya karatasini, kila mtu angalipaswa kumhimiza mwenzake. Ikawa kinyume. Walikuwa wameafikiana, pasi na mkataba wala mkutano, juu ya kiasi cha kazi itoshayo kwa siku. Aliyepita kiasi alidhihakiwa au kupigwa ngumi mkononi, juu ya kiwiko. Mvivu naye alilaumiwa. Na mwenye kupeleka maneno kwa mkubwa alichukiwa kuliko wote. Msimamizi wao aliyajua haya na akanyamaza, kwa kuwa ilimpasa kuishi nao.

Je, walikuwa wajinga? Walipoulizwa walisema kuwa wakizidisha, kiwango cha malipo kitapunguzwa, au baadhi yao watafukuzwa, au walio wazito watakaripiwa. Wako waandishi waliosema kuwa khofu hiyo haina msingi, eti kampuni haikuwa na desturi ya kupunguza viwango. Twaona hukumu hiyo ni ya mtu akaaye mbali na mlango wa kiwanda. Miaka ile ilikuwa ya dhiki kuu ya uchumi, na maelfu ya watu wa Hawthorne waliachishwa kazi. Chumba chenyewe cha wale 14 kilifungwa Mei 1932, kwa kuwa kazi ya kufanya ilikuwa imekwisha.