Kuingiza Takwimu za Wanafunzi katika Kanzidata: Zoezi la Kadi kwa Wanachuo

Mwezi Novemba mwaka 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana mjini Musoma, na katika kikao hicho ikaazimia kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto aliyefikia umri wa kwenda shule awe amepata nafasi katika elimu ya msingi. Azimio hilo hukumbukwa zaidi kwa upungufu wa madarasa na walimu ulioandamana nalo. Lakini kabla ya darasa na kabla ya mwalimu kulikuwa na kazi nyingine isiyosemwa sana, nayo ni kuhesabu. Haiwezekani kumtafutia nafasi mtoto ambaye hakuandikwa mahali popote.

Kazi ile ya kuhesabu haijakoma, ila sasa haiishii katika rejista. Jina la mtoto hutoka katika rejista ya uandikishaji, likaandikwa katika jedwali la kompyuta au kishikwambi, kisha likapelekwa katika kanzidata, yaani ghala la taarifa lililopangwa kwa majedwali, ambamo kila mstari ni kumbukumbu ya mtu au kitu kimoja na kila safu ni taarifa ya aina moja. Baraza la Mitihani lina mfumo wake wa kumbukumbu za wanafunzi wa shule za msingi, uitwao PReM. TAMISEMI nayo ina mfumo wa taarifa za shule. Mwanachuo atakayepangiwa shule ya Bunda au ya kijiji cha Butiama yafaa atarajie kwamba, kwa kuwa ni kijana, ndiye atakayekabidhiwa kazi hii katika juma lake la kwanza.

Ni kazi yenye uzito. Mwanafunzi ambaye kumbukumbu yake haikuingia huweza kufika darasa la saba bila kuwamo katika orodha ya watahiniwa. Vilevile, utaratibu wa elimumsingi bila malipo ulipoanza mwaka 2016, ruzuku ya shule ilikokotolewa kwa idadi ya wanafunzi, na kiwango kilichowekwa kwa shule ya msingi kilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kwa hesabu hiyo, wanafunzi 40 wakipotea katika safari ya kutoka rejista hadi kanzidata, zimepotea shilingi 400,000. Wakiongezeka 40 kwa kuandikwa mara mbili, shule itaonekana kuwa na wanafunzi hewa, hata kama mwalimu hakukusudia udanganyifu wowote. Katika uhakiki wa mwaka 2016 majina ya namna hiyo yalipatikana kwa maelfu nchini.

Namba kwanza, jina baadaye

Kosa la msingi kabisa ni kumtambua mwanafunzi kwa jina lake peke yake. Tuchukue mfano wa karibu. Mwaka 1934 mtoto aitwaye Kambarage, mwana wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, alitoka Butiama akaanza shule Mwisenge, Musoma. Mwaka 1937 alikwenda Tabora. Alibatizwa mwaka 1943, ndipo akaitwa Julius. Mtu akichukua orodha ya Mwisenge na orodha iliyoandikwa baada ya ubatizo, akazioanisha kwa majina tu, atapata watu wawili: Kambarage aliyeacha masomo bila sababu kujulikana, na Julius aliyeibuka bila kupita darasa la kwanza.

Jambo hili ni la kila siku katika mkoa wetu. Bhoke wa rejista huwa Boke katika faili. Wambura huandikwa Wambula na karani asiyetofautisha r na l. Na katika darasa moja huweza kukaa Mwita Chacha Marwa na Chacha Mwita Marwa, wala si ndugu. Kwa hiyo kila kumbukumbu haina budi kuwa na namba yake isiyobadilika na isiyorudiwa. Namba ya PReM imewekwa kwa ajili hiyo, na ndiyo humfuata mwanafunzi anapohamia shule nyingine. Kwa mtoto ambaye hajapata namba hiyo, itumike namba yake ya uandikishaji katika rejista ya shule.

Majina ya mahali nayo yana hila zake. Neno "Bunda" peke yake halisemi kama shule iko katika Halmashauri ya Mji au ya Wilaya. "Musoma" ni Manispaa, na ni Halmashauri ya Wilaya pia. Wilaya ya Butiama ilianzishwa mwaka 2012 kutoka eneo lililokuwa la Wilaya ya Musoma, hivyo orodha ya zamani zaidi ya hapo itaziweka shule zake zote mahali ambapo kanzidata ya leo haizitafuti. Dawa ni ile ile: tumia namba ya shule, na jina la mahali libaki kuwa maelezo.

Zoezi la kadi

Zoezi hili hufanyika bila kompyuta, na hiyo si kwa sababu ya uhaba wa vifaa tu. Kompyuta huficha hatua za katikati. Mwanachuo hubonyeza kitufe, akaona maneno "imekamilika", akaamini. Kadi humlazimisha kuona kila mstari unapopita.

Kila kikundi cha wanachuo sita kipewe kadi 60 zilizokatwa kutoka katika maboksi, zikiwa zimefungwa mafungu matatu ya kadi 20. Juu ya kila kadi paandikwe namba, jina, jinsi, tarehe ya kuzaliwa, darasa na namba ya shule. Majina yawe ya kubuni. Si halali kuzitapanya taarifa za watoto halisi mezani kwa ajili ya mazoezi. Mkufunzi apandikize makosa machache kimyakimya: kadi mbili zenye namba moja, kadi isiyo na tarehe, kadi yenye namba ya shule isiyokuwepo katika orodha. Mezani pawekwe masanduku matatu, nayo yaitwe Mapokezi, Daftari Kuu na Kapu la Waliorudishwa.

Kadi zote ziingie kwanza Mapokezi, jinsi zilivyo, bila kusahihishwa. Hapo wakaguzi wawili huzisoma. Kadi iliyotimia huenda Daftari Kuu. Kadi yenye kasoro huenda Kapuni ikiwa imebandikwa kipande cha karatasi kinachoeleza sababu, kwa maneno ya kueleweka: si "ina kosa", bali "haina tarehe ya kuzaliwa". Wanachuo wengi hutaka kuijaza tarehe kwa kukisia ili kazi iishe. Wakatazwe. Tarehe iliyokisiwa haitofautiki tena na tarehe ya kweli, na hakuna atakayeitafuta.

Wakiwa katika fungu la pili, kadi ya 12 ikiwa mkononi, mkufunzi apige kengele na kutangaza kwamba mtandao umekatika. Kisha anyamaze aone watakalofanya. Wengine wataendelea na kadi ya 13. Wengine wataanza fungu upya, na kwa kuwa kwenye kompyuta faili halipungui linapopakiwa, mkufunzi awape nakala ya fungu lile lile zima. Sasa kadi za mwanzo ziko mezani mara mbili. Huu ndio wakati wa kufundisha kanuni mbili.

Ya kwanza: ama fungu zima liingie Daftari Kuu, ama kisiingie kitu. Kengele ikilia katikati, kadi zilizokwisha kuingia katika fungu hilo hurudishwa Mapokezi. Ya pili: kabla ya kuweka kadi, tazama kama namba yake imo tayari. Ikiwa imo, sahihisha iliyomo, usiongeze nyingine.

Wanachuo huuliza kwa nini zihitajiwe kanuni zote mbili. Swali ni zuri. Fikiri mtu wa Musoma aliyempa abiria barua pale Mwigobero aivushe hadi Kinesi. Barua imefika na kusomwa, ila jibu halikurudi. Aliyetuma hana njia ya kujua kama barua ilipotea au jibu ndilo lililopotea. Ndivyo mtandao unavyofanya: huenda fungu zima limeingia salama, ila taarifa ya kuingia ikakatika njiani. Mwalimu atatuma tena, na anapaswa kutuma tena. Kanuni ya pili ndiyo humwezesha kurudia hata mara tano bila kuzidisha mwanafunzi hata mmoja.

Mwisho wa zoezi, kikundi kihesabu. Kadi za Daftari Kuu na za Kapu zikijumlishwa ziwe 60. Kikundi kikipata 54 na 5, kadi moja imepotea, na isiruhusiwe kusemwa kwamba "ni moja tu". Lakini jumla kuwa sawa si ushahidi wa kutosha: kadi moja ikipotea na nyingine ikaingia mara mbili, jumla itabaki 60. Kwa hiyo wahesabu pia wavulana na wasichana kwa kila darasa, na wahakikishe kuwa hakuna namba iliyojirudia.

Kutafuta kosa

Kosa litafutwe kuanzia kwenye chanzo. Mwalimu asiyezoea huanza kwa kulaumu mtandao, kisha hurekebisha moja kwa moja ndani ya kanzidata. Faili lenye kosa likipakiwa tena kesho, kosa hurudi. Afadhali achukue mstari mmoja uliokataliwa, aufuate kutoka rejista hadi faili, na kutoka faili hadi mapokezi, apate kujua ulipotea sura wapi.

Tarehe huhitaji uangalifu kuliko safu nyingine zote. Maandishi 05/08/2016 kwetu ni tarehe 5 Agosti. Programu iliyopangwa kwa desturi ya Marekani huyasoma kuwa tarehe 8 Mei. Hapa pana jambo la kushangaza: tarehe 23/08/2016 itakataliwa, maana hakuna mwezi wa 23, lakini 05/08/2016 itapokelewa bila malalamiko. Basi ukiona zimekataliwa tarehe za siku ya 13 na kuendelea, usitengeneze hizo peke yake. Zilizokubaliwa ndizo zilizoharibika. Ondoa fungu lote, andika tarehe kwa kuanza na mwaka, 2016-08-05, kisha rudia.

Kosa la pili lenye kusumbua ni ritifaa. Jina kama Nyang'ombe huweza kuangusha upakiaji mzima, kwa sababu katika lugha ya kanzidata alama hiyo hufunga maneno. Mashine hudhani jina limeishia "Nyang", na kinachofuata hukiona kuwa ni amri isiyoeleweka. Baadhi ya watu huifuta alama wakasema kazi imekwisha. Hilo ni kosa la ualimu kabla ya kuwa kosa la ufundi, kwani jina ni mali ya mtoto, nasi ndio tunaomfundisha kwamba ng na ng' ni sauti mbili. Programu iliyotengenezwa vizuri huipokea ritifaa kama sehemu ya jina. Isipoipokea, mstari uende Kapuni na waliotengeneza programu wapelekewe habari.

Mkato nao, katika faili ambalo safu zake hutenganishwa kwa mikato, huigawa "Bunda, Mara" kuwa safu mbili na kuzisukuma zilizobaki upande wa kulia. Sifuri ya mwanzo ya namba ya simu ya mzazi hupotea jedwali likiichukulia kuwa kiasi cha kuhesabiwa. Safu hiyo ifanywe ya maandishi tangu mwanzo. Na mpangilio wa kupakia uzingatiwe: shule kwanza, kisha wanafunzi, kisha alama zao. Alama zikitangulia, hazitampata mwenyewe, nazo zitakataliwa zote.

Vipindi viwili vya dakika 40 hutosha kwa kadi. Katika kipindi cha tatu kadi zile zile ziandikwe katika jedwali la kompyuta. Mahali pasipo na maabara, vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Agosti 2022, ambavyo baadaye viligawiwa walimu, vinafaa. Kila kikundi kiandike karatasi ya kumbukumbu: jina la faili, siku na saa, idadi iliyotoka, iliyoingia, iliyorudishwa pamoja na sababu, na nani aliyeingiza. Kisha vikundi vibadilishane karatasi. Kikundi kilichopokea kiseme, bila kuwauliza wenzao neno lolote, ni katika fungu lipi mtandao ulikatika na ni kadi zipi zinazosubiri marekebisho. Kisipoweza, karatasi irudishwe kwa walioiandika, nao waiandike upya kabla ya kengele ya mapumziko.