Kwa Nini Mtu Hutunza Nchi kwa Hiari?



Twaona katika vijiji vyetu, tangu Masasi hata Newala, kwamba wako watu wapandao miti na kulinda chemchemi bila ujira. Wako na wengine wasiokwenda hata wakiitwa mara tatu. Mioyo hiyo yatofautianaje? Yatupasa kujua, maana msitu ukiisha, udongo huchukuliwa na mvua na maji hupungua.

Kwanza, tutazame kazi ya kushurutishwa. Katika milima ya Uluguru serikali ya Waingereza iliwaamuru wakulima kuchimba matuta ya ngazi, ili udongo usiteremke. Nia ilikuwa kuponya mashamba. Lakini kazi ilikuwa nzito, wala watu hawakuona faida katika mavuno yao. Mwaka 1955 zikatokea ghasia, na mpango ule ukaachwa.

Pili, tutazame kazi ya hiari. Mwaka 1977 Profesa Wangari Maathai alianzisha huko Kenya chama kiitwacho Green Belt Movement. Yeye hakuanza na amri, bali na mashaka ya akina mama wa vijijini: kuni ziko mbali, maji si safi, chakula chapungua. Ndipo akawaonyesha kwamba mti ni msaada kwa hayo yote. Wakaotesha miche wenyewe, kikundi kwa kikundi, wakapewa fedha kidogo kwa kila mche uliopona. Fedha ile haikuwa mshahara, ilikuwa shukrani. Miti yao ikapita milioni 30, na mwaka 2004 mama huyo akapewa tuzo ya Nobel ya amani.

Basi, twajifunza mambo matatu. Mtu huja kwa hiari aonapo haja yake mwenyewe; huja tena afanyapo kazi pamoja na wenzake na kushukuriwa; naye hudumu ajuapo kwamba matunda ni yake. Hili la tatu ndilo husahauliwa. Mti uliopandwa na wengi ukikatwa kwa faida ya mmoja, mwaka wa pili hapana atakayeshika jembe. Kwa hiyo ni jambo jema kwamba Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 yaruhusu kijiji kuwa na msitu wake. Na huko Kilwa vijiji vimeuza mpingo wao, fedha zikatumika kwa kazi za kijiji.

Nasi je? Wazee wa Newala wakumbuka jinsi mchanga wa juu usivyoshika maji, na akina mama walivyoshuka mteremko kuteka chini, kisha wakapanda tena na mitungi kichwani. Atakaye kuwaita watu walinde vichaka vya mteremko, na aanze na mtungi ule.

Maswali ya kujadiliana:
1. Katika kijiji chetu, watu walalamikia nini kwanza: kuni, maji, au udongo?
2. Miti tuliyopanda pamoja ni ya nani, na nani ana ruhusa ya kuikata?
3. Waliofanya kazi mwaka uliopita, je, walishukuriwa?