Kati ya Ngapi? Ninavyoanza Kufundisha Uwezekano

Mwanafunzi mgeni wa takwimu huja darasani akiwa tayari na kanuni ya uwezekano kichwani. Aliikariri kidato cha nne: idadi ya matokeo unayoyataka, gawanya kwa idadi ya matokeo yote. Mwulize uwezekano wa dadu kuonyesha sita, atakujibu moja ya sita hujamaliza kuuliza. Mpe sarafu mbili badala ya dadu moja, hapo ndipo utakapojua kama ameelewa au amekariri.

Nafundisha takwimu ngazi ya stashahada, na wengi wa wanafunzi wangu wanasomea uuguzi na maabara. Kesho watu hawa watasoma majibu ya vipimo na kuwaeleza wagonjwa maana yake, kwa hiyo siwezi kuwaacha na kanuni tupu. Nimeona kwamba hawakwami sana kwenye namba ya juu ya sehemu. Wanakwama kwenye asili, ile namba ya chini. Ndiyo maana utangulizi wangu wote unazunguka swali moja: kati ya ngapi? Kila dhana mpya ninayoileta, iwe matukio huru, iwe uwezekano wenye sharti, naileta kama namna nyingine ya kuuliza swali hilohilo.

Naanza na sarafu mbili zisizofanana, ya shilingi 100 na ya shilingi 200. Ile ya 100 ina Mwalimu Nyerere upande mmoja na swala upande wa pili. Ile ya 200 ina Mzee Karume na simba. Nauliza: zikirushwa pamoja, kuna uwezekano gani wa kupata kiongozi kwenye moja na mnyama kwenye nyingine? Wengi hujibu theluthi moja, kwa hoja kwamba matokeo ni matatu: viongozi watupu, wanyama watupu, au mchanganyiko. Sibishani nao. Nawagawa wawiliwawili, kila jozi inarusha mara ishirini, kisha tunajumlisha ubaoni. Mchanganyiko hutokea karibu nusu ya mirusho yote. Baada ya hapo ndipo nawaambia waandike walichokiona kwa majina: Nyerere na Karume, Nyerere na simba, swala na Karume, swala na simba. Matokeo ni manne, na mchanganyiko unachukua mawili kati ya hayo.

Mwalimu atakayejaribu zoezi hili asitumie sarafu mbili za aina moja. Zikifanana, Nyerere wa sarafu hii na Nyerere wa sarafu ile hawatofautishiki kwa macho, na asili inashuka kutoka nne hadi tatu bila mtu kugundua. Na ni mtego uliomnasa hata bingwa. Mfaransa Jean le Rond d'Alembert, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa zama zake, aliandika kwenye Encyclopédie mwaka 1754 kwamba uwezekano wa kupata angalau kichwa kimoja katika mirusho miwili ni theluthi mbili. Alihesabu matokeo matatu: kichwa mara ya kwanza, kwa kuwa mchezo unaishia hapo, nyuma kisha kichwa, na nyuma mara mbili. Akayapa yote uzito sawa. Jibu sahihi ni robo tatu, maana lile tokeo lake la kwanza lina matokeo mawili ndani yake.

Tangu hapo darasa linakuwa na amri: hakuna kugawanya kabla ya kuorodhesha. Kwa dadu mbili tunachora jedwali la sita kwa sita, visanduku 36, na waliozoea kucheza ludo kwa dadu mbili wanaona wenyewe kwa nini jumla ya saba hutoka sana: ina visanduku sita, wakati jumla ya mbili ina kimoja. Hapo sikawii.

Ninapokawia ni kwenye sharti ambalo kanuni ya kidato cha nne hulificha, kwamba matokeo yote ya kwenye orodha lazima yawe na uzito sawa. Kesho mvua ama itanyesha ama haitanyesha. Orodha ina mambo mawili, lakini kusema ni nusu kwa nusu, Dodoma mwezi wa Agosti, ni kuidhulumu hesabu. Orodha ikikosa uzito sawa, tunaacha kuorodhesha na kuanza kuhesabu yaliyokwisha kutokea: katika siku zote za Agosti zilizorekodiwa, ni ngapi zilikuwa na mvua? Swali halijabadilika. Bado tunauliza kati ya ngapi, ila sasa asili inatoka kwenye kumbukumbu.

Kumbukumbu nazo zinahitaji wingi, na hapa nawasimulia habari za John Kerrich, mwanahisabati aliyekuwa akifundisha Johannesburg. Mwaka 1940 Wajerumani walipoivamia Denmark, yeye alikuwa huko, akawekwa kizuizini. Kambini akarusha sarafu mara 10,000 na kuandika kila jibu. Katika mirusho 100 ya mwanzo vichwa vilikuwa 44. Katika yote 10,000 vilikuwa 5,067. Nawaomba wanafunzi waziangalie namba hizo mara mbili. Ukitazama tofauti na nusu kamili, mwanzo ilikuwa vichwa 6, mwisho ikawa 67. Imeongezeka! Lakini ukiuliza kati ya ngapi, 6 kati ya 100 ni asilimia 6, na 67 kati ya 10,000 haifiki hata asilimia moja. Sarafu haikurudi kulipa deni la vichwa vilivyopungua mwanzoni. Deni lilimezwa na wingi wa mirusho. Anayedhani nyuma zikifuatana mara tano basi kichwa "kimekaribia" hajaielewa tofauti hiyo, na sihami hapo mpaka ieleweke, maana inayofuata inagusa maisha ya watu.

Mada inayofuata ni selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Baba na mama wote ni wabebaji: kila mmoja ana kinasaba kimoja kizima, tukiite A, na kimoja cha selimundu, S. Kila mzazi humpa mtoto kimoja. Orodha ni AA, AS, SA, SS, na wanafunzi huwa wanaitambua papo hapo kwamba ni orodha ya sarafu zetu mbili. Mtoto wa SS ndiye mgonjwa, mmoja kati ya wanne. Somo hili si la vitabuni kwetu. Wabebaji ni wengi pale ambapo malaria imekaa vizazi na vizazi, kama kuzunguka Ziwa Victoria na ukanda wa Pwani, na Anthony Allison alionyesha mwaka 1954 kwamba mwenye AS ana kinga fulani dhidi ya malaria.

Sasa wazazi hao wamepata mtoto mmoja mgonjwa. Maneno yanayosemwa nyumbani ni haya: "Mmoja kati ya wanne tumeshampata, watatu wanaofuata watakuwa salama." Namwuliza mwanafunzi atamjibu nini mama huyo. Mimba ya pili ina orodha yake, yenye mistari minne ileile, hakuna uliofutwa. Matukio huru ni hayo: la kwanza kutokea hakubadilishi asili ya la pili. Kwa matukio ya namna hiyo tunazidisha. Uwezekano wa watoto wanne wote kuukwepa ugonjwa ni robo tatu nne zikizidishwa pamoja, yaani 81 kati ya 256, karibu asilimia 32. Kwa hiyo uwezekano wa angalau mmoja kuugua ni kilichobaki, asilimia 68. Na uwezekano wa kupata mgonjwa mmoja hasa, kama mama alivyoamini kwamba ndivyo ilivyoandikwa, ni kama asilimia 42 tu. Familia nyingine hazipati mgonjwa hata mmoja, nyingine wawili, nyingine watatu. Muuguzi asiyejua hesabu hii anaweza kumtuma mama nyumbani na faraja isiyo ya kweli, au akamwachia lawama isiyo yake.

Neno "angalau" ndilo ninalolitumia kufundisha kutoa kutoka moja. Kutafuta njia zote za kupata "angalau mmoja" ni kazi ndefu. Kutafuta "hakuna hata mmoja" kisha kutoa ni mstari mmoja. Hapo nataja pia kwamba Andrei Kolmogorov, Mrusi, mwaka 1933 aliijenga hesabu yote hii juu ya misingi michache sana: uwezekano hauwi chini ya sifuri, jumla ya yote ni moja, na matukio yasiyoweza kutokea pamoja uwezekano wake hujumlishwa. Inatosha kwa mwanzo.

Kwenye kuzidisha, wavulana huwa wananiletea mfano wao, mkeka wa kubashiri matokeo ya mechi. Mechi kumi, kila moja timu uliyoichagua ina uwezekano wa asilimia 70 kushinda. Kila mechi ukiitazama peke yake inaonekana ya uhakika. Zidisha 0.7 mara kumi na utapata 0.028, chini ya mikeka 3 kati ya 100. Nafanya hesabu hiyo polepole ubaoni kwa sababu najua wamo waliokwisha kuitia hela ya ada huko, na nataka waione namba kwa mikono yao.

Lakini si kila kitu huzidishwa hivyo hivyo. Natoa karata 52, kopa 13 zikiwemo. Karata ya kwanza kuwa kopa ni 13 kati ya 52. Isiporudishwa, ya pili ni 12 kati ya 51, na kopa mbili mfululizo ni moja kati ya 17. Asili imebadilika kwa sababu jambo la kwanza limetokea. Huo ndio mlango wa uwezekano wenye sharti, na mara tukishaingia narudi kwenye selimundu kwa swali ninalolipenda kuliko yote.

Kijana ana dada mwenye selimundu. Wazazi wote wawili ni wabebaji. Yeye mwenyewe hana ugonjwa, na anataka kuoa. Kuna uwezekano gani kwamba anabeba kinasaba? Darasa linasema nusu, maana AS na SA ni mawili kati ya manne. Nasubiri. Kuna siku mwanafunzi mmoja anaona bila kusaidiwa, kuna siku lazima nisogee ubaoni na kufuta SS kwa kiganja, kwa kuwa tumeambiwa kijana ni mzima. Inabaki mistari mitatu, na miwili kati yake inabeba. Theluthi mbili. Kijana huyo anahitaji kupima damu kabla ya ndoa, na mchumba wake pia, na sasa muuguzi anaweza kumweleza kwa nini bila kubabaisha. Taarifa mpya imefuta mstari, asili imepungua. Uwezekano wenye sharti hauna kingine cha ajabu zaidi ya hicho.

Wa maabara nawapa cha kwao. Tuseme kipimo cha malaria kinakamata wagonjwa 95 kati ya 100, na kati ya wazima 100 kinawapa watano jibu la uongo kwamba wanaumwa. Hizi ni namba za kufundishia. Tupime watu 1,000 mahali ambapo malaria imeenea sana, 400 wakiwa nayo. Majibu chanya ya kweli ni 380, ya uongo ni 30. Mwenye jibu chanya ana uwezekano wa 380 kati ya 410, karibu asilimia 93. Tupeleke kipimo kilekile mahali palipo na malaria kidogo, tuseme watu 20 kati ya 1,000. Chanya za kweli ni 19, za uongo ni 49. Sasa mwenye jibu chanya ana 19 kati ya 68, asilimia 28. Kipimo hakijabadilika hata kidogo.

Naliandika hilo kwa idadi ya watu, si kwa asilimia wala kwa alama. Kanuni yenyewe, iliyotokana na andiko la Thomas Bayes lililochapishwa mwaka 1763 baada ya kifo chake, naileta baadaye sana, wakati wanafunzi wameshaitumia bila kujua jina lake. Anayeanza na kanuni hiyo huchanganya "mgonjwa kupata jibu chanya" na "mwenye jibu chanya kuwa mgonjwa". Anayeanza na watu 1,000 anaona kwamba la kwanza linauliza kati ya wagonjwa na la pili linauliza kati ya wenye majibu chanya.

Mkanganyiko mwingine nausafisha upesi: matukio huru si sawa na matukio yasiyoweza kutokea pamoja. Haya ya pili yanategemeana kabisa, kwani moja likitokea, la pili limefutwa lote. Mipangilio, uchaguzi na umbo la kengele naviacha vingoje.

Kabla hatujaendelea kwenye migawanyo nawapa zoezi moja la kufanyia nyumbani. Watu 1,000 wamepimwa. 100 wana ugonjwa, na kipimo kimewakamata 90 kati yao. Kati ya wazima 900, kimewapa 45 jibu chanya. Uwezekano wa mgonjwa kukamatwa ni ngapi? Uwezekano wa mwenye jibu chanya kuwa mgonjwa ni ngapi? Na wa mwenye jibu hasi kuwa mgonjwa? Ninaposahihisha natafuta asili kwanza, 100, kisha 135, kisha 865, na aliyeandika zote tatu sahihi nampa sehemu kubwa ya alama hata kama kugawanya kumemshinda.