SOMO LA MANENO: "MWATHIRIWA" AU "ANAYEISHI"?

Mara hii sikuleta ngano wala vitendawili. Nimekuja na somo la maneno, na somo lenyewe lilianza kwa aibu yangu mwenyewe.

Muhula wa pili Chama chetu cha Kiswahili kiliandaa mdahalo kuhusu UKIMWI. Nikapanda jukwaani kifua mbele, nikawataja "waathiriwa wa UKIMWI", nikawaita "watu waliokwisha". Wenzangu wakanipigia makofi kweli kweli. Kumbe kwenye viti vya wageni alikuwapo mama mmoja aliyealikwa na mwalimu mlezi wetu kuja kutuelimisha. Zamu yake ilipofika, alisema kwa upole kwamba amekuwa akiishi na virusi tangu kabla sijazaliwa. Kisha akanigeukia, akasema, "Mwanangu, mimi sijakwisha. Nimekuja hapa kwa miguu yangu." Ukumbi mzima ukawa tuli kama maji mtungini. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma na kuulizauliza. Haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza, tusichanganye maneno. VVU ni virusi vyenyewe, vinavyoshambulia kinga ya mwili. UKIMWI, yaani Ukosefu wa Kinga Mwilini, ni hali inayokuja kinga ikishadhoofika sana. Kwa hivyo mtu anaweza kuwa na virusi na asiwe mgonjwa hata kidogo. Akimeza dawa za kupunguza makali kila siku kama alivyoagizwa, virusi hupungua hadi kipimo kisivione, na hapo hamwambukizi mwenziwe kwa kujamiiana. Mama naye, akitumia dawa hizo, anaweza kujifungua mtoto asiye na virusi. Sasa huyo utamwitaje mtu aliyekwisha?

Pili, tuangalie sarufi. "Mwathiriwa" linatokana na kauli ya kutendwa: kuna jambo limemtenda mtu, naye amekaa tu. "Anayeishi na virusi" ni kauli ya kutenda. Hapa mtu mwenyewe ndiye mtendaji, na tendo lake ni kuishi. Ati ni tofauti ndogo? La hasha! Wako wanawake katika nchi yetu waliotoka katika kauli ya kwanza wakaingia katika ya pili kwa jasho lao wenyewe.

Mfano mmoja ni Bi Asunta Wagura. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa msichana akisomea uuguzi. Alipopimwa na kupatikana na virusi, alifukuzwa masomoni na kuambiwa kuwa alibakiwa na miezi sita tu ya kuishi. Tazama maneno hayo: alipimwa, alifukuzwa, aliambiwa. Yote ni ya kutendwa! Lakini miezi sita ilipita, na miaka ikapita. Mwaka wa 1993 yeye na wanawake wenzake wachache walianzisha KENWA, mtandao wa wanawake wa Kenya wanaoishi na virusi. Kumbukeni kuwa wakati huo ule mseto wa dawa unaotumika siku hizi ulikuwa bado haujapatikana. Walichokuwa nacho ni sauti zao na mikono yao. Walikwenda kuwauguza wagonjwa majumbani katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, wakawasaidia mayatima, wakasimama hadharani na kutaja hali zao bila kujifunika uso. Bi Wagura alikuja pia kuandika maisha yake gazetini kwa miaka mingi, hata mtu aliyejificha chumbani na barua yake ya hospitali akajua kuwa hayuko peke yake. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawa walikataa kuumbuliwa.

Mwaka wa 2006 Bunge lilipitisha Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti VVU na UKIMWI. Sheria hiyo inakataza shule kumnyima mtu nafasi au kumfukuza kwa sababu ya virusi. Yale yaliyompata Bi Wagura yakawa ni kosa.

Tatu, neno moja linaweza kukatiza maisha. Mwaka wa 2008 ilitungwa sheria ya kupambana na bidhaa ghushi. Nia ilikuwa nzuri, lakini maana ya neno "ghushi" iliandikwa kwa upana mno, hata ingeweza kuzikumba dawa za jeneriki. Hebu nieleze. Dawa ya jeneriki ni kama unga wa mahindi uliosagwa na kinu kingine: mahindi ni yale yale, ila bei ni nafuu. Dawa ghushi ni chokaa iliyotiwa kwenye pakiti ya unga. Wakenya wengi wanaoishi na virusi hutegemea jeneriki, na nyingi hutoka India. Zikizuiliwa bandarini kwa kuitwa ghushi, watameza nini?

Bi Patricia Asero Ochieng, mwanaharakati anayeishi na virusi, pamoja na wenzake wawili wanaoishi navyo pia, walikwenda Mahakama Kuu mwaka wa 2009 kumshtaki Mwanasheria Mkuu. Si jambo dogo hilo, raia kuikabili serikali juu ya maana ya neno! Tarehe 20 Aprili 2012, Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba vifungu hivyo vilihatarisha haki ya uhai, ya heshima na ya afya, haki ambazo Katiba ya 2010 inazilinda. Akasema ni wajibu wa serikali kukifikiria upya kifungu kilicholeta utata huo. Ushindi huo haukuwa wa watu watatu tu. Ulikuwa wa kila anayemeza vidonge hivyo, pengine hata wa mtu tunayeketi naye dawati moja.

Wenzangu, sisi wanachama tunajigamba kwamba tunakienzi Kiswahili. Basi tukienzi kwa kumtaja mtu kama anavyostahili, maana ulimi hauna mfupa lakini huvunja mfupa. Mama yule ameahidi kurudi mwakani. Safari hii nitaketi mbele, na kazi yangu itakuwa kusikiliza.

ZOEZI
1. Eleza tofauti iliyopo kati ya VVU na UKIMWI.
2. Tunga sentensi mbili kumhusu Bi Wagura: moja katika kauli ya kutendwa, nyingine katika kauli ya kutenda.
3. Taja neno moja linalotumiwa bwenini kumdharau mgonjwa. Ungetumia lipi badala yake?