Vinywaji vya Kuongeza Nguvu na Moyo wa Kijana

SWALI: Nina miaka 23, napakia kabichi na karoti usiku hapa Nyandira, Mgeta. Hunywa chupa tatu za kinywaji cha kuongeza nguvu, kisha moyo hunienda mbio. Je, kuna madhara?

JIBU: Kijana wangu, kinywaji hicho, licha ya jina lake, hakina nguvu ila ya sukari; kafeini iliyomo huizuia adenosini, ambayo ndiyo huuarifu ubongo kwamba mwili umechoka, hata uchovu ukafichika pasipo kuondoka, na papo hapo huamsha adrenalini inayouharakisha moyo na kupandisha shinikizo la damu. Mililita 250 aghalabu huwa na miligramu 80 za kafeini, na wataalamu wa usalama wa chakula wa Ulaya walikadiria mwaka 2015 kuwa mtu mzima mwenye afya asizidi 200 kwa mara moja, wala 400 kwa siku. Basi wewe, unayezishusha tatu mfululizo huku ukitoka jasho chini ya magunia, yamkini umekwisha kuuvuka mpaka ule wa kwanza.

Sipendi kukutia hofu bure, maana wengi husalimika. Lakini wako waliozaliwa na hitilafu ya umeme wa moyo wasijijue. Kuchanganya na konyagi (najua huchanganywa) ni balaa zaidi, kwani mlevi hujidhani mzima. Ukizirai au kubanwa kifua, usichelewe hospitali, ukapimwe umeme wa moyo. Kwa sasa punguza hadi chupa moja, unywe maji, na ulale kabla lori halijafika.